Kijiji Bila Wanakijiji

Neno Dorfromantik halina tafsiri moja ya Kiswahili. Wajerumani wameliunda kwa Dorf, yaani kijiji, na Romantik, yaani ile hali ya moyo kuvutwa na uzuri wa kale na wa mbali, na aghlabu hulitamka kwa tabasamu la kujicheka wenyewe. Ni neno la mtu wa mjini anayekitamani kijiji asichokuwa na nia ya kuhamia. Jina hilo ndilo lililopewa mchezo wa vigae uliotolewa mwaka 2022 na kampuni ya Pegasus Spiele ya Ujerumani, kazi ya wabunifu wawili, Michael Palm na Lukas Zach. Mwaka uliofuata mchezo huo ulipata tuzo ya Spiel des Jahres, Mchezo wa Mwaka, ambayo jopo la wahakiki limekuwa likiitoa tangu 1979, na ambayo kwa wachezaji wa Ulaya ina uzito kama ule wa tuzo kubwa za riwaya kwa wasomaji. Mchezo uliokwisha kupewa hadhi ya aina hiyo unastahiki kusomwa kama inavyosomwa kazi nyengine yoyote ya sanaa: kwa fani yake, kwa maudhui yake, na kwa kile ilichokinyamazia.

Kwa umbo, mchezo wenyewe ni mwepesi kuelezwa. Hauna ubao. Una vigae vya kadibodi vyenye pembe sita, na kila kigae kimechorwa kipande cha nchi: msitu, shamba la nafaka, nyumba za kijiji, reli au kijito. Wachezaji, kuanzia mmoja hadi sita, hupokezana zamu. Mwenye zamu huokota kigae kilichofunikwa, hukifunua, kisha hukiunganisha na vile vilivyokwisha tandikwa mezani. Baadhi ya vigae hubeba maagizo. Juu ya kigae cha agizo huwekwa tarakimu, 4, 5 au 6, na maana yake ni kwamba msitu huo, au shamba hilo, au reli hiyo, inatakiwa ifikie idadi hiyo ya vigae. Agizo likitimia, tarakimu huondolewa mezani na kutiwa katika hesabu, na agizo jengine huletwa, kwa kuwa wakati wote lazima pawe na maagizo matatu yanayosubiri. Vigae vya nchi vikimalizika, na mchezo umemalizika. Hujumlishwa maagizo yaliyotimizwa, reli ndefu kuliko zote, kijito kirefu kuliko vyote, na maeneo yenye bendera yaliyofungika pande zote. Hakuna mshindi wala mshindwa. Kuna jumla moja tu, ya meza nzima.

Msomaji aliyezoea tungo za arudhi ataitambua upesi sheria iliyo moyoni mwa mchezo huu. Katika mambo matano yanayochorwa, mawili tu ndiyo yenye amri. Reli haiwezi kukatizwa na ukingo wa msitu, wala kijito hakiwezi kugonga ukuta wa nyumba. Vilipofika ukingoni lazima viendelee katika kigae cha jirani. Yale matatu mengine yako huru. Mtu anaweza kuweka shamba ubavuni mwa msitu, au nyumba ubavuni mwa shamba, na hakuna kanuni iliyovunjwa. Kilichopotea ni nafasi ya alama tu. Reli na kijito, basi, ni vina. Msitu, shamba na nyumba ni maneno ya ndani ya mshororo, ambayo mtunzi dhaifu huyajaza ilimradi kina kipatikane, na mtunzi hodari huyapanga hata ikaonekana kana kwamba kina kimekuja chenyewe. Meza ya wageni wa mchezo hujulikana kwa jambo hilo: huikimbilia reli, huirefusha, huifurahia, na vigae vikishafika nusu ndipo wanapogundua kwamba msitu wao umechanika vipande vitatu visivyoweza kuungana tena.

Hapo ndipo panapozaliwa pengo. Kwa kuwa kila kigae kina pande sita, na kwa kuwa reli na kijito havikubali kukatizwa, hutokea katikati ya nchi tundu moja linalozungukwa na vigae pande zote, ambalo kigae cha kulijaza ama hakijaja au hakipo kabisa. Kila mchezaji hulijua tundu hilo. Hulitazama zamu baada ya zamu, akingojea kigae chenye reli upande huu, kijito upande ule, na msitu nyuma. Pengine kikaja, aghlabu hakiji. Katika mchezo mzima, ambao umepakwa rangi za utulivu na kupangwa ili usimuudhi mtu, tundu hilo ndilo jambo pekee lenye uchungu, na wabunifu wanastahiki sifa kwa kuliacha litokee lenyewe bila ya kuliwekea adhabu yoyote.

Ili kuelewa kilichofanikiwa na kilichokosekana, ni lazima kurudi nyuma hatua moja. Dorfromantik haikuanzia mezani. Ilianza kuwa mchezo wa kompyuta, uliotungwa na wanafunzi wanne wa chuo kimoja cha Berlin waliojiita Toukana Interactive. Toleo la awali lilitoka Machi 2021, wakati ambapo Wajerumani wengi walikuwa bado wamefungiwa ndani kwa ajili ya maradhi ya Korona, na toleo kamili likafuata Aprili 2022. Huo ulikuwa mchezo wa mtu mmoja. Mtu alikaa mbele ya kioo, peke yake, muziki wa taratibu ukisikika, hakuna saa inayomkimbiza wala adui anayemvizia, akiipanga nchi isiyo na mwisho. Watu waliokuwa hawawezi kutembeleana waliupenda. Upweke wake haukuwa kasoro. Ulikuwa ndio maudhui yenyewe, na mtu aliyeucheza usiku wa manane aliutambua mara moja.

Palm na Zach walipouhamishia mezani, waliukuta umekamilika kwa mtu mmoja, na wao wakaongeza neno moja: pamoja. Swali la kihakiki ni neno hilo limeongeza nini. Ukizitazama kanuni peke yake, jibu ni kwamba limeongeza kidogo mno. Mtu mmoja akicheza, huokota kigae na kukiweka. Watu sita wakicheza, kila mmoja huokota kigae na kukiweka. Hakuna mchezaji mwenye kitu ambacho mwenzake hana: hana kigae cha siri, hana kipaji chake pekee, hana pembe ya nchi ambayo ni yake, hana haja inayopingana na haja ya jirani. Ukiwaondoa watano kati ya sita, nchi itajengwa ile ile, na pengine itajengwa vizuri zaidi. Mchezo unaosifiwa kwa kuwakusanya watu hauna, katika kanuni zake, sababu yoyote ya kuwahitaji watu hao.

Kasoro hiyo huonekana wazi zaidi Dorfromantik inapowekwa karibu na mzee wake. Carcassonne, mchezo wa Klaus-Jürgen Wrede uliotoka mwaka 2000 na kupata tuzo hiyo hiyo mwaka 2001, nao ni mchezo wa kutandika vigae, 72 kwa idadi, vyenye pande nne. Jina lake ni la mji wa ngome ulioko kusini mwa Ufaransa. Huko nako wachezaji wote hujenga nchi moja, yenye miji, barabara, mashamba na nyumba za watawa. Lakini katika Carcassonne kila mchezaji ana watu wake, vijitu vidogo vya mbao, na akishaweka kigae anaweza kumsimamisha mmoja wao juu yake: mwizi barabarani, shujaa mjini, mtawa katika nyumba yake, au mkulima shambani. Mkulima halazwi kama wenzake wanavyosimama. Yeye hulazwa kifudifudi au chali juu ya ardhi, na akishalazwa hanyanyuki tena mpaka mchezo umalizike. Mshenzi wa mchezo humcheka mkulima huyo kwa kuwa amefungika. Mjuzi humwogopa, kwa kuwa mwisho wa hesabu mashamba hulipa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Carcassonne, mchezo wa ushindani, una ushirikiano ndani yake. Mji ulioanzwa na mtu mmoja unaweza kuunganishwa na mji wa mwengine, na watu wao wakiwa sawa kwa idadi, wote wawili hupata alama zote. Basi hutokea wachezaji wawili wasioaminiana wakalazimika kuujenga mji mmoja kwa kuwa kila mmoja anaona faida yake, huku kila mmoja akimchungulia mwenzake asije akamwingizia mtu wa pili na kuuchukua mji mzima. Hutokea pia mtu akaweka kigae makusudi ili mji wa jirani usiweze kufungika. Pengo la Carcassonne lina mwenyewe, na lina aliyelisababisha. Aliyewahi kuishi kijijini, katika nchi yoyote, ataona kwamba huo ndio ujirani: kugawana kisima na kuvutana juu ya mpaka, siku hiyo hiyo, na watu hao hao. Dorfromantik imeondoa uovu wa ujirani, na katika kuuondoa imeondoa pia sababu ya jirani kuwepo.

Isidhaniwe kuwa ushirikiano hauwezi kutiwa katika kanuni. Michezo ya kushirikiana ina historia yake, na tatizo lake kubwa limejulikana angalau tangu Pandemic ya Matt Leacock, iliyotoka mwaka 2008: mambo yote yakiwa wazi kwa wote, mwenye akili kali au sauti kubwa huwachezea wenzake zamu zao, nao hugeuka mikono ya kusogeza vitu. Wabunifu waliofuata walitafuta dawa. Antoine Bauza, katika Hanabi, alimfanya kila mchezaji azishike karata zake zikiwatazama wenzake, aone za wote isipokuwa zake mwenyewe, na maneno ya kuambizana akayapimia kwa idadi. Thomas Sing, katika The Crew ya mwaka 2019, aliwapa wachezaji karata za siri na kuwanyima ruhusa ya kusema wanazo zipi. Katika michezo hiyo miwili mtu anamhitaji mwenzake kwa kuwa mwenzake anajua kitu ambacho yeye hakijui.

Dawa hiyo si ngeni kwa wacheza dhumna wa barazani, na dhumna, pamoja na kuwa ni mchezo wa ushindani, ni jamaa wa kweli wa michezo hii yote, kwa kuwa asili yake ni ile ile ya kuunganisha ncha na ncha inayolingana. Washirika wawili hukaa wakitazamana, na hawaruhusiwi kuambizana walichonacho mkononi. Mmoja humsoma mwenziwe kwa kete aliyoiweka, kwa ile aliyoizuia, na kwa ile aliyoshindwa kuitoa. Ushirikiano wao umo katika kusomana, na ndiyo sababu mshirika mzuri wa dhumna hutafutwa mtaa mzima na hulaumiwa mpaka magharibi anapokosea. Hakuna anayetafutwa mtaa mzima ili aje kucheza Dorfromantik. Wala hakuna anayelaumiwa.

Kwa hoja hiyo mtu angeweza kuifunga kesi na kusema kwamba jopo la 2023 lilizawadia mchezo wa mtu mmoja uliovalishwa nguo za jamaa. Hukumu hiyo ingekuwa ya haraka. Kanuni za mchezo ni nusu ya mchezo. Nusu ya pili ni watu wanaoucheza, kama vile maandishi ya tamthilia yalivyo nusu ya onyesho. Na mezani hutokea jambo ambalo kanuni hazikuliamrisha. Mwenye zamu hufunua kigae, akakishika, akakigeuza. Wenzake hukitazama nao. Mmoja husema kiende kule kwenye msitu, mwengine husema kule kitaifunga reli. Kigae, hata hivyo, kimo mkononi mwa mtu mmoja, na mpaka akiweke hakijawekwa. Muda huo, baina ya kukifunua na kukiweka, ni mfupi, lakini ndani yake kuna mambo yote ya baraza: anayeshauri kwa upole, anayeamrisha, anayenyamaza kwa kuwa jana ushauri wake ulipuuzwa, mtoto anayejua jibu na hapewi nafasi ya kulisema. Mchezo umeandikiwa watu wa kuanzia miaka 8, na aghlabu hukaa meza moja babu na mjukuu.

Mtu mjuzi akikaa na wageni huweza kuuharibu mchezo huu kwa dakika kumi. Anaona kwa haraka kila kigae kinapofaa kwenda, na anachotakiwa kufanya ni kusema. Kanuni hazimzuii. Meza ikitaka kumzuia lazima imzuie yenyewe, kwa adabu zake, na hilo ndilo jambo ambalo Dorfromantik inalidai kwa watu bila ya kuliandika popote. Katika Hanabi mtu hunyamaza kwa kuwa kanuni imemnyamazisha. Katika Dorfromantik mtu hunyamaza kwa kuwa amemwona mwenzake anafikiri na akaona ni vyema amwachie afikiri. Unyamavu wa pili ni mgumu zaidi, na wenye thamani zaidi unapopatikana. Lakini ni mali ya wachezaji. Wabunifu hawawezi kudai sifa zake zote, kama vile mwenye ukumbi hawezi kudai sifa za harusi iliyofana ukumbini mwake.

Hadi hapa ni fani. Maudhui yana maswali makubwa zaidi, na la kwanza ni hili: wanakijiji wako wapi? Katika vigae vya mwanzo mna nyumba nyingi, mapaa mekundu, miti, mashamba yaliyonyooka, na reli inayopita. Watu hawamo. Wenye mchezo wanasema kwamba maagizo ni haja za wakaazi, na kwa maana hiyo wakaazi wapo, lakini wapo kama tarakimu. Wanataka msitu wa vigae vitano. Wanataka reli ya vigae sita. Wakishapata, tarakimu huondolewa na wao hawasikiki tena. Neno la Kijerumani lililotumika kwa maagizo hayo, Auftrag, ni lile lile analolitumia mfanyabiashara kwa oda ya mteja. Mwanafalsafa wa Kijerumani Ferdinand Tönnies, katika kitabu chake cha 1887, alizitenga namna mbili za watu kuishi pamoja: Gemeinschaft, umoja wa damu, ujirani na mazoea, ambao kijiji ndicho mfano wake, na Gesellschaft, umoja wa mikataba na maslahi, ambao ni wa mji mkubwa na soko. Kwa kipimo hicho, mchezo unaobeba jina la mapenzi ya kijiji umejaa Gesellschaft tupu. Kijiji chake ni mteja, na wachezaji ni mafundi wanaomaliza oda.

Reli nayo ina la kusema. Katika mchezo, reli ni neema. Kila kigae inachoongezeka ni alama, na wachezaji huirefusha kwa furaha kutoka ukingo mmoja wa meza hadi mwengine. Katika historia ya Ujerumani, ambako reli ya kwanza ya abiria ya mvuke ilifunguliwa mwaka 1835 baina ya Nürnberg na Fürth, reli iliwachukua vijana wa vijijini kuwapeleka viwandani na kwenye migodi ya bonde la Ruhr, na wengi hawakurudi ila kwa mazishi. Reli ya Dorfromantik haimchukui mtu, kwa kuwa hakuna mtu wa kuchukuliwa. Ndiyo maana inaweza kuwa nzuri kiasi hicho.

Na upo mwaka wenyewe. Januari 2023, miezi sita kabla ya tuzo kutangazwa, maelfu ya polisi waliingia Lützerath, kijiji kidogo cha magharibi mwa Ujerumani katika jimbo la Nordrhein-Westfalen, wakawatoa vijana wa harakati za mazingira waliokuwa wamejifungia humo, na nyumba zilizobaki zikabomolewa ili mgodi wa makaa wa Garzweiler upanuke. Wakaazi wenyewe walikwisha hamishwa miaka ya nyuma. Katika kijiji cha jirani, Immerath, kanisa kubwa la mawe lenye minara miwili lilikuwa limebomolewa tayari Januari 2018 kwa sababu hiyo hiyo. Basi katika nchi moja na mwaka mmoja, kijiji kimoja kilibomolewa kwa matingatinga mbele ya kamera za dunia, na kijiji chengine, cha kadibodi, kilitunukiwa. Hakuna anayepaswa kuwalaumu wabunifu kwa sadfa hiyo, wala mchezo wa jioni wa jamaa haulazimiki kubeba mashimo ya makaa. Hata hivyo sadfa yenyewe inasaidia kuona haiba ya Dorfromantik inatoka wapi. Inatoka katika kuongeza bila kupunguza. Kigae kilichowekwa hakiondolewi. Msitu haukatwi, shamba haliuzwi, nyumba haiungui, na mto haufuriki. Kinachoweza kutokea kibaya ni kwamba kitu hakikuongezwa pale ambapo kingeongezwa.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ndiyo kazi ya mchezo, kumpumzisha mtu, na kwamba mwenye kutaka kijiji chenye vita, deni na mazishi akatazame Heimat, ile filamu ndefu ya Edgar Reitz ya mwaka 1984 iliyokifuata kijiji cha kubuni cha Schabbach kwa zaidi ya miaka sitini. Jibu hilo lina nguvu. Lakini linasahau kwamba mchezo huu haukujiita Msitu na Reli. Umejipa jina la kijiji, umewaita watu waje kukijenga pamoja, kisha ukawapa kila kitu isipokuwa yule wa kujengewa.

Kuna jambo jengine ambalo wachezaji wengi hawalitilii maanani, nalo linahusu kumbukumbu. Dorfromantik imepangwa ichezwe mara nyingi kwa mfululizo. Kila mwisho wa mchezo, wachezaji huchukua karatasi yenye visanduku na kutia alama kwa kadiri ya jumla yao. Visanduku vikifika mahali fulani, hufunguliwa kasha dogo lililokuwa limefungwa, na ndani yake hutoka vigae vipya na kazi mpya. Mpango huo umesukwa kwa ustadi. Hata jioni mbaya hutia alama chache, hivyo hakuna anayeondoka mikono mitupu, na yaliyomo makashani, ambayo si haki kuyataja hapa, huja kwa kipimo cha kuuhuisha mchezo pale unapoanza kuzoeleka. Mtu aliyecheza mara mbili tu na kuuhukumu kuwa mwepesi hajaujua. Mchezo wa kumi si mchezo wa kwanza.

Tatizo ni kile kinachohifadhiwa. Nchi waliyoijenga, yenye reli yake na msitu wake na lile tundu lake la katikati, hukusanywa kwa viganja na kurudishwa kisandukuni usiku huo huo. Karatasi huhifadhi jumla. Kijiji cha jana hakina athari yoyote juu ya kijiji cha leo, isipokuwa kwamba sasa kuna vigae zaidi vya kutandika na jumla ya zamani ya kuipita. Baada ya jioni ishirini jamaa hao wamejenga vijiji ishirini na hawana hata kimoja. Wengi, kwa kuliona hilo, hupiga picha kwa simu kabla ya kukusanya vigae, na picha hizo zinasema juu ya haja ya wachezaji jambo ambalo karatasi ya visanduku haikulifikiria.

Mwaka huo huo wa 2023 Palm na Zach walitoa mchezo wa pili, Das Duell, kwa ajili ya wanaotaka kushindana. Ungetegemewa kuwa sasa wapinzani wawili wataingizwa katika nchi moja, kama Carcassonne, na kijiji kipate hatimaye mivutano yake. Haikuwa hivyo. Kila upande umepewa nchi yake ya kuijenga, na mwisho jumla mbili hulinganishwa. Ni uamuzi unaoeleza mengi. Wabunifu hao, walipotakiwa kuleta ugomvi, waliona ni heri wawajengee vijiji viwili kuliko kuwagombanisha katika kimoja. Sakura, iliyofuata mwaka 2024 na kuihamishia nchi hiyo Japani, imerudi kwenye ushirikiano, na yote yaliyosemwa hapa juu ya kwanza yanaihusu nayo kwa kiasi kikubwa.

Kwa anayetaka kuujaribu, wachezaji wawili au watatu wanatosha. Wakizidi wanne, zamu huchelewa kurudi na shauri huwa la mmoja. Vigae vya mwanzo havina maneno, picha na tarakimu tu, kwa hiyo mtu mmoja akizisoma kanuni katika lugha aijuayo, meza nzima inaweza kucheza kwa Kiswahili. Litabaki jambo moja la kuamua kabla ya kigae cha kwanza, nalo ni jina la zile tarakimu. Wakiziita maagizo, kama zilivyoitwa hapa kwa kuifuata Auftrag, watacheza kama mafundi. Wakiziita maombi, au haja, hesabu itakuwa ile ile, ila hapo mjukuu anaweza akauliza ni haja ya nani, na babu itambidi atafute mtu wa kumweka katika nyumba ile ya ukingoni, ampe jina, na aseme kwa nini anautaka msitu.